Sanduku la zana la nyumbani: namna ya kulikusanya, kulitumia na kulitunza

Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu tuhamie Tabata. Saa nane usiku mpira wa kuunganishia maji chini ya sinki la jikoni ulipasuka, na kwa mlio wake tukadhani mvua imeingia ndani. Tulipowasha taa, maji yalikuwa yameshavuka kizingiti cha sebule. Tulijua lazima kuna koki kuu mahali fulani, lakini hakuna aliyejua iko wapi. Tuliikuta nyuma ya nyumba kando ya mita, imefukiwa na mchanga, mpini wake umekatika na kubaki kichuma kifupi ambacho vidole havikuweza kukigeuza. Zana zote tulizokuwa nazo zilikuwa panga, kisu cha jikoni na mchi. Jirani ndiye aliyekuja na plaizi yake, akakikamata kile kichuma, akageuza mara moja, maji yakakata.

Zulia lilitupwa na magunia mawili ya unga yakaloa. Kilichokosekana kilikuwa plaizi moja, na kujua koki iko wapi.

Imepita miaka zaidi ya kumi, na zana nimezikusanya kidogo kidogo, nyingine nikinunua mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa mbovu. Ninaloliamini sasa ni hili: orodha ya zana iandikie nyumbani kwako, si kwenye kaunta ya duka. Zile seti za vipande mia ndani ya begi la plastiki zinavutia macho, lakini utakuta soketi ishirini za gari usilonalo, na bisibisi ambayo ncha yake inazunguka kama udongo mbichi. Nunua kwa kufuata kinachoharibika kwako.

Hatua ya kwanza: zunguka nyumba na daftari

Chukua daftari dogo, kalamu na tochi. Ingia chumba kimoja baada ya kingine, fungua kila kinachofunguka, tikisa kila kilichoshikizwa, na uandike kila kinacholegea, kinachovuja, kinacholia au kinachogoma. Usiandike "mlango mbovu". Andika "mlango wa choo, bawaba ya juu imelegea, skrubu za nyota tatu, moja haipo". Maelezo ya namna hiyo ndiyo yatakayokuambia ununue nini.

Katika nyumba nyingi za tofali za saruji mijini, orodha zinafanana: koki inayodondosha, boya la choo lisilofunga maji, kitasa kinachohitaji kubembelezwa, mlango wa kabati unaoning'inia, wavu wa mbu uliochomoka dirishani, fimbo ya pazia iliyong'oka na kipande cha lipu, kitanda kinacholia, plagi ya pasi iliyolegea. Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona kwamba karibu yote yanahitaji zana saba au nane tu.

Katika mzunguko huohuo, tafuta vifungio vitatu: koki kuu ya maji, meni swichi ya umeme, na kifungio cha mtungi wa gesi. Kama una tangi juu ya mnara, koki ni mbili, moja karibu na mita na nyingine chini ya tangi, na ukifunga ya mita peke yake maji ya tangi yataendelea kumwagika. Zigeuze kwa mkono wako leo, mchana, bila haraka. Koki yenye mpini mrefu hufunga kwa robo mzunguko: mpini ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikatiza bomba imefungwa. Ile yenye mpini wa duara huhitaji mizunguko mingi. Koki ambayo haijaguswa miaka mingi inaweza kugoma. Usiilazimishe, tia mafuta, igeuze kidogo mbele na kidogo nyuma, iache, kisha urudie kesho yake.

Andika na vipimo. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kwetu tunaishi na mifumo miwili kwa wakati mmoja: mabomba na mbao tunazitaja kwa inchi, bolti na spana kwa milimita. Tena "bomba la nusu inchi" la chuma ukilipima kwa nje utapata kama milimita 21, maana jina lake lilitokana na upana wa tundu la ndani. Ukimpelekea muuzaji kipimo cha nje peke yake unaweza kurudi na kifaa kisichoingia. Njia salama ni kupeleka kile kilichoharibika chenyewe, kimefungwa kwenye karatasi, mfukoni.

Hatua ya pili: pata cha kuwekea

Usitumie fedha nyingi hapa. Ndoo tupu ya rangi ya lita 20, yenye mfuniko na mpini, ni sanduku zuri la kuanzia: maji hayaingii, inabebeka, na ukiigeuza unaikalia wakati unafanya kazi chini ya sinki. Mimi nilianza na hiyo. Baadaye nilihamia kwenye tranka la bati la bweni, ambalo mtoto alikuwa amemaliza nalo shule. Kwa skrubu na washa (vile vipete vya mpira vya koki) tumia makopo yenye mifuniko inayoonyesha ndani, kopo moja kwa kila aina. Ukizichanganya kwenye mfuko mmoja, siku utakayotaka skrubu ya inchi moja utamwaga zote sakafuni.

Hatua ya tatu: zana nane za kwanza

Anza na bisibisi, maana ndizo utakazozishika kuliko zana nyingine yoyote. Unahitaji nne: nyota mbili na bapa mbili, ndogo na ya wastani. Kwa bisibisi ya nyota, tafuta iliyoandikwa PH2. Hiyo huingia kwenye skrubu nyingi za bawaba, vitasa na makabati. Ile ndogo ya PH1 ni ya vifaa vya umeme na vitu vya plastiki. Kosa linaloharibu skrubu nyingi majumbani ni kutumia bisibisi ndogo kuliko tundu la skrubu: inateleza, inakwangua, na baada ya mara tatu tundu limekuwa duara na skrubu haitoki tena. Ncha ijae tundu. Sukuma kwa nguvu kuliko unavyozungusha.

Zana ya pili ni spana ya kurekebisha, ile ambayo mafundi wote wanaiita spana malaya kwa kuwa inashika nati ya ukubwa wowote. Chukua ya inchi 10. Ya inchi 6 inapendeza mkononi lakini mdomo wake hautoshi nati za koki. Kabla ya kulipa, fungua taya na ulitikise: likicheza sana, irudishe. Unapoitumia, kaza taya hadi lisiache nafasi, kisha elekeza nguvu upande wa taya lisilosogea. Ukifanya kinyume, taya linaachia na nati inaliwa kona.

Plaizi iwe ya inchi 8, yenye sehemu ya kukatia waya. Ifunge na uinue kwenye mwanga: ncha zikigusana na mwanga usipite kati ya meno ya kukatia, ni nzuri. Kama unataka kuitumia karibu na umeme, tafuta yenye alama ya 1000 V kwenye mpini. Alama hiyo huwekwa kwenye zana zilizojaribiwa kwa umeme. Mpini uliovikwa mpira wa rangi bila alama umevikwa kwa ajili ya mshiko tu.

Nyundo iwe yenye kucha za kung'olea misumari, kichwa cha uzito kama gramu 450. Nyundo nzito sana humchosha mtu na kumfanya aukosee msumari. Wapeni nafasi ya kuishika wote watakaoitumia nyumbani, si baba peke yake. Angalia kichwa kimekazwaje kwenye mpini. Kichwa kikichomoka kinaweza kumjeruhi mtu aliyesimama mita tatu kutoka kwako.

Futi ya chuma ya mita 5 inatosha nyumba nzima. Kile kindoano cha mwanzo kinacheza kidogo, na watu wengi hudhani kimeharibika wakakigonga. Kimetengenezwa hivyo: kinasogea kwa unene wake chenyewe, ili kipimo kiwe sahihi ukikiegemeza ukutani na pia ukikining'iniza kwenye ukingo wa mbao.

Zilizobaki ni kisu cha kukatia chenye wembe wa kubadilisha, tochi ya kuvaa kichwani, na testa. Tochi ya kichwani niliidharau hadi niliponunua. Chini ya sinki mikono yote miwili ina kazi, na mtoto anayeshika tochi hutazama pembeni. Testa ni ile bisibisi yenye kijitaa ndani ya mpini. Inasaidia lakini usiiamini peke yake: ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha unapotaka kupima, kisha rudi kwenye ile ya kwanza. Ikishindwa kuwaka mara ya mwisho, ilichokuambia katikati hakina maana. Na hata ikikuambia hakuna umeme, meni swichi iwe imezimwa.

Kutambua chuma kizuri

Bisibisi na spana nyingi nzuri huandikwa Cr-V, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu. Maandishi hayo pia hughushiwa, kwa hiyo tazama kazi yenyewe. Ncha ya bisibisi iwe na kingo kali zilizonyooka. Chuma kisiwe na mistari ya kumiminia wala vinundu chini ya rangi. Kitu kilichopakwa rangi nene inayong'aa kila mahali huwa kinaficha jambo.

Usipuuze zana za mtumba. Kariakoo na masoko mengine utakuta spana na koleo za zamani kutoka Ulaya, zimechakaa rangi lakini chuma chake ni kigumu kuliko nyingi mpya za bei ya chini. Kutu ya juu inatoka: loweka usiku mmoja kwenye siki, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha kabisa, paka mafuta. Chuma kilichopinda au meno yaliyolika hakuna dawa yake.

Kama fedha ni kidogo, nunua zana moja nzuri kila mwezi kuliko nane dhaifu kwa siku moja. Bisibisi kwanza, spana ya pili, plaizi ya tatu.

Hatua ya nne: vitu vidogo vinavyoisha

Zana bila vifaa ni kama jiko bila mkaa. Utashika spana, utafungua koki vizuri kabisa, halafu utakwama kwa kukosa washa ya mpira, tena Jumapili jioni. Weka hivi tangu mwanzo: washa za koki za nusu inchi, kama kumi. Tredi tepu, ile nyeupe nyembamba isiyo na gundi, roli mbili. Tepu ya umeme. Skrubu za mbao za inchi moja, moja na nusu, na mbili. Misumari ya inchi 2 na 3, na michache ya zege. Roplagi za milimita 6, vile vipande vya plastiki vinavyoingia ukutani ili skrubu ishike. Gundi ya mbao na gundi ya epoksi ya kuchanganya. Msasa wa aina mbili, wa kukwaruza na laini. Fyuzi za plagi za ampea 3 na 13. Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani.

Nyongeza tatu ambazo hazimo kwenye orodha nyingi lakini kwangu hazikosekani. Kwanza, mita chache za waya mwembamba wa kufungia nondo. Umenifungia geti, bomba la kupitisha moshi na mguu wa meza. Pili, tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa mikanda ya upana wa vidole viwili. Bomba likitoboka, funga maji, kausha, vuta mkanda hadi uwe umekazika na uuzungushe juu ya tundu tabaka nyingi, kisha ufunge kwa waya. Itakufikisha hadi fundi aje. Tatu, ule mpira wenye mpini wa kuzibulia sinki. Ziba tundu la juu la sinki kwa kitambaa kibichi kabla ya kusukuma. Bila hivyo upepo wote hutokea huko na uchafu haung'oki.

Hatua ya tano: awamu ya pili

Baada ya miezi miwili au mitatu ya kutumia zile nane, utajua unachokosa. Kwa wengi ni msumeno wa chuma, pima maji (ile rula ya kupimia usawa yenye kitone cha hewa), spana za namba, ufunguo wa pembe sita na faili.

Wembe wa msumeno wa chuma hufungwa meno yakitazama mbele, kwa sababu unakata unaposukuma. Wenye meno 24 kwa inchi unafaa mabomba na vyuma vyembamba. Pima maji ijaribu dukani: iweke juu ya meza, tazama kitone, kisha igeuze upande wa pili palepale. Kitone kikikaa mahali tofauti, pima maji hiyo inakudanganya. Kwa kuhamisha usawa kutoka ukuta hadi ukuta huhitaji hata pima maji. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji, kama wanavyofanya mafundi waashi. Maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja, mradi hakuna kiputo cha hewa katikati. Spana za namba, anza na 10, 13 na 17: bolti nyingi za vitanda, viti vya chuma na stendi za tangi zinaingia hapo.

Drili ni uamuzi mkubwa zaidi. Kama nyumba yako ni ya tofali za saruji, isiyo na mtindo wa kugonga (kupiga huku ikizunguka) itakuchosha bure. Chukua yenye mtindo huo, ya waya. Ya betri ni nyepesi na nzuri kwa skrubu, lakini betri hufa mapema kuliko mashine. Kama utatoboa mara mbili kwa mwaka, azima au kodi. Ukiwa mpangaji, muulize kwanza mwenye nyumba. Tundu moja lisiloruhusiwa limewahi kuleta ugomvi mkubwa.

Kutoboa kwenyewe kuna utaratibu. Usitoboe juu, chini wala pembeni moja kwa moja ya swichi au soketi, maana ndiko nyaya zinakopita ndani ya lipu. Tumia biti ya zege ya milimita 6 kwa roplagi ya milimita 6. Zungushia biti tepu mahali pa kina unachotaka, ili usipitilize. Kwenye vigae, bandika kwanza tepu ya karatasi, toboa taratibu bila kugonga hadi uvuke kigae, ndipo uwashe mtindo wa kugonga. Puliza vumbi litoke kabla ya kuingiza roplagi. Tundu lenye vumbi ndilo linaloangusha fimbo ya pazia. Vaa miwani ya kinga. Jicho halina spea.

Hatua ya sita: kazi nne za kujifunzia

Zana zisizotumika husahaulika. Chagua kazi hizi nne kutoka kwenye daftari lako na uzifanye wikiendi moja moja.

Koki inayodondosha. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku; tega chupa ya lita moja uone inajaa kwa muda gani, utapata sababu ya kuamka kwenye kiti. Funga koki kuu, kisha fungua koki mbovu ili maji yaliyobaki yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, skrubu ndogo zisitumbukie. Toa kofia ya juu, toa skrubu, inua mpini. Funga spana kwenye nati ya shingo na ufungue kinyume cha saa. Utaona mwishoni washa ya mpira, mara nyingi imebonyea mviringo katikati. Weka mpya ya ukubwa uleule. Kabla ya kufunga, pitisha kidole ndani palipokuwa pamekaliwa na washa; kama pamekwaruzika, washa mpya nayo italiwa haraka na koki nzima ibadilishwe. Rudisha vyote, kaza kiasi, fungua maji polepole. Koki za mpini mmoja na zile za robo mzunguko hazina washa hiyo; ndani yake kuna kifaa kizima kinachobadilishwa, na lazima uende nacho dukani.

Kama unabadilisha koki nzima utahitaji tredi tepu. Shika koki nyuzi zikikutazama, zungusha tepu kwa mwelekeo wa saa, ukiivuta iingie kwenye nyuzi, mara sita hadi nane. Ukizungusha kinyume, itajikunja na kutoka wakati unakaza.

Boya la choo. Fungua mfuniko wa tangi, uinue boya kwa mkono. Maji yakikoma, kifungio ni kizima na tatizo ni kimo: kama lina mkono wa chuma, ukunje kidogo kuelekea chini, kama lina skrubu ya kurekebishia, izungushe hadi maji yasimame sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Maji yasipokoma hata ukiinua boya, washa ya kifungio imekufa.

Bawaba iliyolegea. Skrubu inazunguka bila kushika kwa sababu tundu limepanuka. Kuweka skrubu nene zaidi kunapasua mbao. Chukua kijiti cha mshikaki, kipake gundi ya mbao, kisukume tundu lijae, kata kilichozidi, subiri gundi ikauke usiku kucha, kisha rudisha skrubu ileile. Nimefanya hivyo kwenye mlango wa jikoni ambao nilikwisha ambiwa fremu yake ibadilishwe, na mpaka leo unafunga.

Plagi. Mfumo wetu wa pini tatu bapa ulitoka Uingereza, ambako kiwango chake kilichapishwa 1947, na uzuri wake ni fyuzi iliyomo ndani ya plagi yenyewe. Chomoa plagi kwanza kutoka ukutani. Ndani, waya wa kahawia uende kwenye pini yenye fyuzi, wa bluu upande wa pili, na wa kijani na njano kwenye pini ndefu ya juu, ambayo ni ethi, yaani ya ardhini. Kwenye nyaya za zamani nyekundu inakaa mahali pa kahawia na nyeusi mahali pa bluu. Hakikisha kibanio kimeshika ganda la nje la waya, siyo nyuzi za rangi, ili mtu akivuta pasi asing'oe viungo. Kuhusu fyuzi: gawa wati za kifaa kwa 230. Taa ya mezani au televisheni iko chini ya ampea 3. Birika la wati 2,000 linafika karibu ampea 9, kwa hiyo liwekee ya 13. Usiweke kamwe kipande cha waya, msumari wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Hapo unakuwa umeondoa kinga iliyosimama kati ya hitilafu na moto.

Mahali pa kuweka zana chini

Kubadilisha plagi, kubadilisha balbu, hapo ndipo ninapoishia mimi upande wa umeme. Boksi la saketi breka, nyaya za ukutani, feni ya dari na hita ya maji ni kazi ya fundi umeme. Tanzania mafundi hao hupewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na una haki ya kuomba kuiona. Sehemu ya mita si yako kabisa, hata kifuniko chake.

Gesi ni hivyohivyo. Unaloruhusiwa ni kupima kuvuja: changanya sabuni na maji, paka kwenye rejeta (kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi) na urefu wote wa mpira, tazama mapovu. Usitumie njiti ya kiberiti hata mara moja. Ukiona mapovu, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na upige simu kwa aliyekuuzia. Mabomba ya PPR, aina ya plastiki ngumu, yanaunganishwa kwa mashine ya joto, kwa hiyo usinunue gundi ukidhani itayashika. Nyufa zinazopanuka ukutani na mbao za paa zilizooza nazo si za sanduku hili.

Kuna mtu aliwahi kuniambia kwamba nawanyima mafundi riziki. Naona kinyume. Fundi wangu wa bomba sasa akiniuliza kwenye simu "ni ya nusu au robo tatu?", namjibu, naye anakuja na kifaa sahihi mara moja, analipwa kazi ya maana badala ya nauli ya safari mbili kwa ajili ya washa.

Kutunza

Hewa ya pwani ina chumvi, na Dar, Tanga, Mombasa au Unguja chuma kilichoachwa wazi huota kutu ndani ya wiki chache. Baada ya kazi futa kila zana kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kingine chenye matone machache ya mafuta ya cherehani. Tupia ndani ya sanduku vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uweke sanduku juu ya tofali, mbali na sakafu ya zege inayotoa unyevunyevu. Kitasa usikitie mafuta ya kupikia, yanaganda na kunasa vumbi. Kwangua risasi ya penseli, puliza unga wake kwenye tundu, ingiza ufunguo mara kadhaa.

Zana zitaazimwa, na si vibaya, maana yangu ya kwanza ilikuwa ya jirani. Andika tu kwenye daftari nani amechukua nini na lini, na zifunge kitambaa cha rangi moja kwenye mpini ili zitambulike.

Daftari hilohilo likae ndani ya sanduku. Langu lina ukurasa unaosema: koki ya jikoni washa nusu inchi, kitasa cha mlango wa nyuma inchi 3, bolti za kitanda spana 13, koki kuu nyuma ya nyumba hatua nne kutoka kona, chini ya kifuniko cha zege. Niliwaonyesha wote nyumbani koki hiyo, kila mmoja akaigeuza kwa mkono wake. Mwaka jana nikiwa safarini, bomba la bafu lilichomoka. Binti yetu wa miaka kumi na miwili alichukua tochi ya kichwani, akatoka nje, akafunga maji, kisha akanipigia simu kuniuliza kama washa zimebaki.